Mechi ya mieleka ya masharti imebuma? Kagua hivi kabla hujamlaumu mpiganaji

Desemba iliyopita mi na wana tulijenga keji ya mianzi. Mianzi ilishushwa na kirikuu kutoka Kibosho, tukaifunga kwa kamba za katani kwenye kiwanja hapa Pasua, Moshi, watu wa Dar wameshapanda kula sikukuu, umati upo, spika ipo, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba hii ndo mechi watu wataiongelea mpaka Pasaka. Dakika ya sita watu wa nyuma wakaanza kuondoka. Dakika ya kumi wamebaki watoto waliokaa chini mbele kabisa, wengine wote wako kwa mchoma mishkaki. Na wale vijana wawili ndani walikuwa wanapigana vizuri kweli, mmoja aliruka kutoka juu ya nguzo akamtua mwenzake mgongoni, kitu alichokifanyia mazoezi miezi miwili kwenye mchanga wa mto, na karibu hakuna mtu aliyekiona.

Imeniuma mpaka leo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kesho yake kijiweni kila mtu alikuwa anasema "mechi mbovu" basi, wanaishia hapo, na lawama zote wanapewa wale vijana.

Mi kazi yangu ya kila siku ni fundi pikipiki. Mtu akileta pikipiki akaniambia tu "imekufa" hajanisaidia kitu, nitamuuliza inatoa moshi? inawaka afu inazima? inamis ikipanda mlima? Kila dalili ina chanzo chake na ukiikosea dalili utafungua injini nzima wakati shida ilikuwa plagi. Mieleka ni vile vile. Mechi ya masharti, yaani ile ambayo sio kumpini mwenzako tu (kumlaza mabega chini refa ahesabu) ndani ya kamba, kuna kitu kimeongezwa, keji, ngazi, moto, mbwa, zawadi juu ya mlingoti, ikibuma inabuma kwa namna yake na inatoa dalili. Nimezirudia zile mechi zinazosemwa ni mbovu kuliko zote, za kampuni za Marekani, WWE, WCW, TNA na AEW, nikawa nazisikiliza kama injini. Hiki ndo nilichokipata, kimsaidie anayeandaa shoo ya mtaani na hata yule anayebishana tu kijiweni.

KABLA YA DALILI YOYOTE: BIFU LILIKUWA LINADAI NINI?

Anzia hapa kila siku, hata kama kuna dalili nyingine inakupigia kelele. Bifu ndo swali, sharti ndo jibu. Jamaa anakimbia kila mechi, weka keji. Marafiki zake wanaingilia, weka keji yenye paa, ndo ile Hell in a Cell ya kwanza ya Oktoba 1997, Undertaker na Shawn Michaels, kwa sababu Michaels alikuwa na genge lake linamwokoa kila siku.

Mfano ulionyooka kuliko yote kwangu ni mechi ya ngazi kwenye shoo ya WrestleMania X, Machi 20, 1994, Madison Square Garden, New York. Shawn Michaels alivuliwa mkanda wa ubingwa wa Intercontinental bila mtu kumpiga ulingoni, huku nyuma Razor Ramon akauchukua, Michaels akarudi na mkanda wake begani anasema bingwa ni mimi. Mabingwa wawili, mikanda miwili. Wakaitundika yote miwili juu, ikaletwa ngazi, atakayeishusha ndo bingwa. Razor akaishusha. Hapo huhitaji mtangazaji akueleze chochote.

Kipimo ninachotumia ni hiki, nenda kwa mama anayekaanga chipsi pale nje, ambaye hajui hata jina la mpiganaji mmoja, umwambie kwa sentensi moja kwa nini hawa wawili leo wanapigana na hicho kitu. "Mama, wote wanasema ni mabingwa, mikanda ile pale juu, atakayeiwahi yake." Atageuza chipsi huku anaangalia. Ukifika sentensi ya tatu bado unaeleza, acha, rudi nyumbani, sharti lako sio la bifu hilo.

Nilipoipima keji yetu ya Pasua nilikuta hivi: bifu la wale vijana lilikuwa ni usaliti, mmoja alimuacha mwenzake kwenye mechi ya timu akapigwa peke yake. Hakuna aliyekuwa anakimbia, hakuna aliyekuwa anaokolewa. Keji niliiweka kwa sababu nilikuwa naitamani tangu nikiwa mdogo naangalia mikanda ya video. Hiyo peke yake ilitosha kuiangusha mechi, na bado kulikuwa na shida nyingine.

DALILI: WATU WANACHUNGULIA, WANASIMAMA, WANAULIZANA "NINI KIMETOKEA?"

Chanzo: ulichojenga kimesimama kati ya jicho la shabiki na ngumi.

Punjabi Prison ya WWE ndo kaka mkubwa wa kosa letu kwa sababu na yenyewe ni mianzi. Ni keji mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani futi 16 na ya nje futi 20, ya ndani ina milango minne midogo, mpiganaji akitaka mlango unafunguliwa kwa sekunde 60 afu unafungwa na haufunguliwi tena, ukishatoka ya ndani bado una ya nje ya kupanda. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Ila mianzi ni minene na imefungwa karibu karibu, na ziko tabaka mbili, kwa hiyo aliyekaa mbali anaona msitu. Wavu wa waya jicho linauzoea baada ya dakika moja, unaona ng'ambo kama haupo, mianzi haizoeleki.

Imefanyika kwenye shoo za Great American Bash ya 2006, No Mercy ya 2007 na Battleground ya 2017 kule Philadelphia. Na ile ya kwanza ilikuwa na ugonjwa mwingine juu yake, mianzi ilitengenezwa kwa ajili ya Great Khali, jitu la kutoka India, apambane na Undertaker, Khali akaondolewa baada ya vipimo kuonyesha enzaimu za ini ziko juu, akaingizwa Big Show. Sasa Big Show na jela ya Kipunjabi wana uhusiano gani? Hapo ndo utaona ule mtihani wa mama wa chipsi unavyofanya kazi, mwenye sharti lake hayupo na sharti limebaki.

Chanzo kingine cha dalili hii hii ni taa. Oktoba 2019, Hell in a Cell kule Sacramento, Seth Rollins na The Fiend walipigana chini ya taa nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Taa nyekundu kwenye kuingia ulingoni inatisha, nakubali. Kwenye mechi nzima inachosha macho, huoni sura, huoni nani kaumia, na mieleka bila sura ya mtu anayeumia inabaki mazoezi ya viungo.

Tiba: siku ya kujenga, kabla hujakaza kamba ya mwisho, nenda ukakae mahali pabaya kuliko pote, pale nyuma ukutani ambapo watoto wasio na hela wanasimama, waambie vijana wawili waigize wamelala chini katikati ya ulingo. Ukishindwa kumwona aliyelala chini bomoa. Nusu ya mieleka iko chini.

DALILI: UKUMBI KIMYA, WOTE WANAANGALIA SKRINI

Chanzo: mechi haipo pale walipo watu waliolipa kiingilio.

Shoo ya Payback, Aprili 30, 2017, San Jose. Bray Wyatt na Randy Orton, House of Horrors. Nusu ya kwanza ndani ya nyumba ya kutisha, midoli imening'inizwa, giza, Wyatt anamwangushia Orton friji zima, afu mechi inakatika, linapita pambano jingine, baadaye wanarudi kumalizia ulingoni. Aliyekata tiketi aende akakae ukumbini amegeuzwa mtu wa kuangalia TV kubwa. Halafu kamera inakatwa katwa na muziki wa sinema umewekwa chini, kwa hiyo hata yule wa nyumbani anajua hiki kimerekodiwa na kuhaririwa, ile hofu ya kwamba lolote linaweza kutokea sasa hivi inakufa.

Ya zamani yake ni King of the Road, Uncensored ya Machi 1995, WCW. Dustin Rhodes na Blacktop Bully walipigana nyuma ya lori linalotembea, kuna nyasi kavu na vikorokoro vya shambani, mshindi ni anayefika mbele akapiga honi. Ilirekodiwa kabla. Shida ilianza pale wapiganaji walipotoka damu wakati kampuni ilikuwa imekataza damu, wahariri wakalazimika kukata vipande vingi, na wote wawili wakafukuzwa kazi. Mi huwa naifikiria sana hii mechi kwa sababu wale watu walijikata ili kuiokoa, waliona kabisa lori halitoshi, wakaongeza walichokuwa nacho, na hicho hicho kikawapotezea kazi. Sharti bovu linawasukuma wapiganaji kwenye mambo ambayo kwenye mechi ya kawaida wasingeyahitaji.

Tiba ni fupi. Pigana mbele ya watu.

DALILI: KENGELE INALIA NA KILE KITU CHA HATARI HAKIJAFANYA KAZI

Hapa nakaa kidogo, maana ndo ugonjwa unaoua mechi nyingi kuliko yote.

Mechi ya Kennel from Hell, shoo ya Unforgiven, Septemba 26, 1999, Charlotte, North Carolina. Bifu lilikuwa na sababu, wacha nikiri hilo. Big Boss Man alimteka mbwa wa Al Snow anaitwa Pepper, afu kwenye stori akampikia mwenyewe nyama ya mbwa wake akala bila kujua. Ni stori mbaya lakini mtihani wa mama wa chipsi inapita, "yule alimlisha mwenzake mbwa wake, leo wanamalizana". Sharti likawa hili: keji ya kawaida imezunguka ulingo, juu yake imewekwa Hell in a Cell, na kwenye nafasi kati ya keji mbili wanazunguka mbwa wakali, atakayefanikiwa kutoka keji zote mbili ndo mshindi. Mbwa wakaletwa. Wakajisaidia haja ndogo, wakajisaidia haja kubwa, wengine wakaanza kupandana, na hakuna hata mmoja aliyejali wapiganaji. Al Snow akatoka akashinda.

Mtu yeyote wa huku anayefuga mbwa angewaambia bure. Mbwa ni mkali kwake, kwenye uzio wake, usiku, akisikia hatua asizozijua. Mchukue huyo huyo mpeleke sehemu ya kelele za maelfu ya watu, taa, baruti, harufu za mbwa wenzake asiowajua, atachanganyikiwa au ataanza kushughulika na mbwa wenzake. Kwa hiyo chanzo hapo sio mbwa kukataa kazi, chanzo ni kuweka uzito wote wa mechi juu ya kitu usichoweza kukiamrisha, na hakijawahi kufanyiwa mazoezi hata mara moja mbele ya kelele.

Nyingine ni ya juzi juzi. AEW Revolution, Machi 7, 2021, Jacksonville, Florida. Kenny Omega na Jon Moxley, senyenge badala ya kamba na milipuko, na mwisho ulingo mzima ulipuke saa ikifika sifuri. Hiki kitu kimetoka Japani, kampuni ya FMW ya mpiganaji Atsushi Onita, kuanzia 1990, na kule kilishika kwa sababu mlipuko ulikuwa unatokea katikati ya mechi, mtu anasukumwa kwenye waya na unalipuka hapo hapo, unaona gharama ya kila kosa. Na Omega na Moxley mechi yenyewe ilikuwa nzuri, milipuko ya kwenye waya ilifanya kazi. Afu Moxley kafungwa pingu kalala ulingoni, saa inahesabu, Eddie Kingston anakimbia kumwokoa, anashindwa kumwondoa, anaamua kumlalia juu amkinge kwa mwili wake, mi nilikuwa nimesimama jamani, sifuri ikafika... zikatoka cheche kwenye kona kama za keki ya bethidei na moshi kidogo. Kingston bado kalala amekufa ganzi kwa mlipuko ambao haupo.

Ila angalia kilichofuata maana tiba iko hapo. Kamera zilipozimwa Moxley akachukua maiki akawaambia watu kwamba Omega anaweza kuwa mgumu lakini kutengeneza ulingo wa kulipuka hawezi. Basi. Kosa likahama kutoka kwa kampuni likaingia kwenye stori, likawa la Omega, mhusika mwovu aliyejenga bomu bovu. Chombo kikigoma mbele ya watu usiendelee kuigiza kama kimefanya kazi, watu wana macho. Kikubali kwa sauti na umtwishe yule mwovu.

Kinyume chake ni Lockdown ya TNA, Aprili 2007. Team 3D na LAX kwenye keji ya umeme. Umeme wenyewe ulikuwa taa za ukumbi kuzimika zimika na sauti ya kunguruma kila mtu akigusa chuma, afu mguso mmoja unamtupa mtu na mwingine unapita kimya. Sisi Watanzania umeme tunaujua, unachezacheza kila wiki, hakuna mtu anayeamini kwamba taa kuzimika zimika ni kifo. Mashabiki wakaanza kuimba mwandishi wa shoo, Vince Russo, afukuzwe, wakati mechi bado inaendelea. Ukifika hapo watu hawaangalii tena wapiganaji, wanaangalia ofisi.

Kabla ya shoo jiulize: hiki kitu kisipofanya kazi kabisa, nimebaki na mechi? Jibu likiwa hapana, kitoe.

DALILI: KENGELE INALIA NA NUSU YA WATU HAWAJUI NANI KASHINDA

Chanzo: sheria, ama ni nyingi, ama zimegeuzwa kichwa chini, ama zimevunjwa na walioziweka.

Nyingi: WCW Oktoba 2, 2000 wakiwa San Francisco, Booker T na Jeff Jarrett, maboksi manne juu ya milingoti minne, moja lina mkanda wa dunia na mengine yana vitu kama mdoli wa kupuliza na picha ya Scott Hall. Mkanda wa dunia ukawa mchezo wa kubahatisha boksi. Mkanda unapewa heshima na namna unavyotafutwa, ukiutafuta kwa bahati nasibu umeushusha wewe mwenyewe.

Zilizogeuzwa: TNA 2006 walifanya battle royal ya kinyume (ya kawaida wapiganaji wengi wako ndani na unamtupa mwenzako nje), wapiganaji wanaanzia nje wanagombania kuingia ndani ya ulingo. Kuingia ulingoni ni kitu wanafanya kila siku wakitembea. Huwezi kumfanya mtu aogope kushindwa kitu ambacho amemuona kila mtu anakiweza.

Ahadi tofauti na kilicholetwa: Agosti 2000 WCW kule Vancouver, mama yake mpiganaji Buff Bagwell alitangazwa kuwekwa juu ya mlingoti, watu wakamkuta juu ya foklifti. Hii siongezi kitu.

Na zilizovunjwa, ambayo inaniudhi kuliko zote. Ile ile ya Sacramento 2019, Hell in a Cell haina kutolewa kwa faulo, miaka zaidi ya 20 tumefundishwa hivyo. Rollins akamrundikia The Fiend kiti, ngazi, boksi la vifaa, akapiga na nyundo, refa akasimamisha mechi. Ukumbi ukazomea mpaka mwisho, wakaimba mechi ianze upya. Wale mashabiki walikuwa wanadai kile kile walichofundishwa na kampuni yenyewe.

Ila bingwa wa kuvunja sheria kwangu ni mechi ya kamba ya Hulk Hogan na Vader, Uncensored 1995. Wamefungwa pamoja kwa kamba ya ngozi, atakayemburuta mwenzake akagusa kona zote nne mfululizo kashinda. Hogan akambeba Ric Flair, ambaye hakuwa kwenye mechi, akamburuta yeye kona zote nne, akatangazwa mshindi. Sharti zuri kabisa, rahisi, mtoto wa darasa la kwanza analielewa, likaharibiwa na watu walioliweka. Kumbukeni hiyo kamba nitairudia.

DALILI: WANACHEKA MAHALI WALIPOTAKIWA KUOGOPA

Chanzo: adhabu kubwa kuliko kesho yake.

Oktoba 1991, Halloween Havoc kule Chattanooga, WCW waliweka kiti cha umeme ndani ya keji, timu ya watu wanne kwa wanne, unashinda ukimkalisha mpinzani ukavuta swichi. Abdullah the Butcher akakalishwa, Cactus Jack ambaye ni wa timu yake akavuta swichi akidhani aliyekaa ni mwingine. Cheche, moshi. Kama umeme wa kunyongea ni wa kweli huyu mtu amekufa mbele ya watoto wetu, na dakika chache baadaye amesimama anawapiga waliokuja kumbeba. Sasa kiti kilikuwa cha nini?

1995 tena Halloween Havoc, Hogan na The Giant wanasukumana kwa malori makubwa juu ya paa la ukumbi Detroit, The Giant anaanguka kutoka kwenye paa, usiku huo huo anaingia ulingoni kupigania mkanda amekauka hata hajachechemea. Na Julai 2020 Extreme Rules, Rey Mysterio na Rollins, mshindi ni anayemtoa mwenzake jicho. Anayependa Rey, na mtaani kwetu hakuna asiyempenda Rey, alijua kabisa hakuna jicho litakalotoka, kwa hiyo tangu kengele ya kwanza unasubiri uone watadanganyaje. Rollins akatapika, Rey akakimbizwa, wiki chache baadaye jicho lipo.

Tiba: weka adhabu ambayo kesho yake mtu anaweza kuionyesha. Kunyolewa nywele. Kufukuzwa kwenye timu. Kuvuliwa kinyago. Pasua tulimnyoa mtu mmoja na mpaka leo watoto wanamwita kipara, hiyo adhabu imedumu kuliko kiti cha umeme.

DALILI: SHARTI LINAFANANA NA BIFU ILA MECHI IMEPOA

Hii ni ngumu kuikamata na ilinichukua muda. Chukua mechi mbili za kufungwa macho.

WrestleMania VII, Machi 24, 1991, Los Angeles, Jake Roberts na Rick Martel. Martel alimpulizia Jake pafyumu machoni akamtia upofu kwenye stori, kwa hiyo leo wote wamefunikwa nyuso. Hakuna mieleka ya maana mle ndani ukitafuta mitupo. Lakini Jake ananyoosha kidole, anazunguka taratibu, kidole kikikaribia alipo Martel ukumbi unapiga kelele, kikienda mbali wananyamaza, kikirudi wanalipuka. Wamepewa kazi. Wao ndo macho yake.

Lockdown 2007, Chris Harris na James Storm, wamefungwa macho ndani ya keji. Bifu na lenyewe ni la jicho, Storm alimpasulia mwenzake chupa usoni, walikuwa timu moja miaka kadhaa. Kwenye karatasi ni sharti lile lile, bifu linafanana. Na mashabiki walichoka wakaanza kuzomea. Nilivyoisikiliza mara ya tatu ndo nikaelewa, lile la Jake lilikuwa bifu la kisasi chenye mchezo ndani yake, watu walikuwa tayari kucheza. La Harris lilikuwa bifu la uchungu, rafiki kamsaliti rafiki, watu wamekuja kuona ngumi inapata, halafu unawapa wanaume wawili wanapapasa hewa. Sharti linatakiwa kulingana na hasira, sio kulingana na neno tu.

Ndo ilikuwa Pasua pia. Usaliti unataka wawe karibu waangaliane usoni.

DALILI: MTU AMEUMIA KWELI

Hapa hakuna kukagua, simamisha. Shoo ya Starrcade 1986, timu za Road Warriors na Midnight Express walipigana juu ya jukwaa jembamba lililoning'inia juu ya ulingo, na meneja Jim Cornette akaning'inia akaanguka, aliyetakiwa kumdaka akamkosa, magoti yakaharibika. Na mwaka 1998 WWF (jina la zamani la WWE) walifanya Brawl for All, ngumi za kweli kwa wapiganaji wa mieleka, wakaumia mmoja baada ya mwingine, mshindi wake Bart Gunn zawadi yake ikawa kupandishwa WrestleMania XV na bondia Butterbean, akalazwa ndani ya sekunde 35. Vijana mnaoruka kutoka ukutani bila godoro huko Njoro na Majengo, nawaomba kama kaka yenu, urefu sio sharti. Mechi ya ngazi ya 1994 inakumbukwa kwa ile mikanda miwili.

PASAKA TUNAFANYAJE

Tangu Desemba bifu la wale vijana limebadilika. Yule msaliti ameanza kukimbia, mwezi wa pili alivuka kamba akatokomea mpaka barabarani kabla refa hajamaliza kuhesabu, watu wakamfukuza kwa kelele mpaka stendi ya bodaboda. Sasa ndo linadai kitu. Wana wengine wanataka keji irudi, wanasema safari hii tutatumia wavu wa mabanda ya kuku. Nimekataa. Nimechagua kamba, ya katani, mkono wa kushoto wa huyu kwa mkono wa kushoto wa yule, kona nne mfululizo, na mtangazaji atalisema hili mara mbili kabla ya kengele, kwamba anayeburutwa ni yule aliyefungwa na sio mwingine yeyote.

Juzi tumeijaribu. Mita tano ilikuwa ndefu, wanapishana bila kugusana, mita mbili mmoja anashindwa kupanda kona. Tumeikata mita tatu na nusu. Yule kijana wa kuruka akasimama juu ya nguzo, akaruka, kamba ikafika na ikabaki kidogo, na mi nilikuwa nimesimama kule nyuma ukutani, nikamwona mpaka alipotua.